Mbegu ilisafiri, mpishi akabaki

Mhariri,

Swali la wiki iliyopita liliuliza kwa nini watu wa zamani waliogopa vyakula vya kawaida kama nyanya na viazi, wakaamini ni sumu. Msomaji wa Morogoro aliyejibu kwanza alisema ulikuwa ujinga na ushirikina, basi. Mimi ni mkulima wa viazi mviringo huku Isyonje, milima ya Uporoto, na jibu lile limeniuma. Watu wale walikuwa na sababu, na baadhi ya sababu hizo ninazo shambani kwangu mpaka leo.

Kiazi kikishachanua, aina nyingine hufunga vitunda vya kijani vinavyofanana kabisa na nyanya changa. Huku kwetu mtoto hufundishwa mapema asivitie mdomoni, maana vina sumu. Majani nayo hayaliwi. Sumu yenyewe inaitwa solanini, na mmea unaitengeneza ili kujikinga na wadudu na magonjwa. Sasa mfikirieni mkulima wa Ulaya katika karne ya 16, kiazi kinapomfikia kutoka milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Analitazama ua, analitazama jani, anauona ukoo wa mimea anayoijua tangu utoto: beladona na mandragora, mimea ya kulewesha na kuua. Hapo alikuwa sahihi. Wataalamu wa mimea hadi leo wanaviweka vyote katika familia moja, pamoja na nyanya, bilinganya, ngogwe, pilipili na tumbaku. Wazee wetu husema mtoto wa nyoka ni nyoka, na yeye alifikiri vivyo hivyo.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Caspar Bauhin, mtaalamu wa mimea wa mji wa Basel, Uswisi, aliandika mwaka 1620 kwamba watu wa Burgundy, eneo lililo Ufaransa leo, walikatazwa kula viazi kwa kuaminiwa kwamba vinaleta ukoma. Nyanya nazo, John Gerard wa Uingereza alizisema vibaya katika kitabu chake cha mimea cha mwaka 1597, ingawa katika kitabu hicho hicho alikiri kwamba Wahispania walikuwa wakizipika kwa pilipili, chumvi na mafuta. Yaani habari kwamba zinaliwa ilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa naye jikoni na kumwonyesha.

Hapo ndipo ninapotaka tutulie, maana jibu lote naliona liko hapo. Tazameni mnafu, mboga yetu ya majani. Ni wa ukoo ule ule wa beladona, na Ulaya ndugu zake huhesabiwa miongoni mwa magugu ya sumu. Lakini hapa Mbeya, na Iringa, na Njombe, unauzwa kwa mafungu kila asubuhi na hakuna anayeshtuka. Tumewezaje? Bibi zetu walijua ni majani yapi ya kuchuma na yakiwa na umri gani. Walijua kuchemsha na kumwaga maji ya kwanza, ndipo waunge kwa karanga au maziwa. Walijua kwamba vitunda vya kijani haviguswi, ila vikiiva vyeusi watoto wanaweza kuvila. Maarifa hayo yanapita kutoka mama kwenda kwa binti, karibu na jiko. Mchukue mtu wa mbali, mpe mbegu ya mnafu peke yake bila bibi, uone kama hataogopa. Na akiogopa, atakuwa na haki.

Wenyeji wa Andes nao walikuwa na bibi zao. Viazi vichungu walivila pamoja na udongo maalumu unaoishika sumu tumboni. Vingine walivianika usiku kwenye baridi kali vigande, mchana wakavikanyaga kutoa maji na kuvikausha juani, mpaka vikawa chakula cha kuwekwa miaka. Wahispania walipakia kiazi melini. Hayo mengine hawakuyapakia.

Mahindi yanasikitisha zaidi, na sisi watu wa nyanda za juu kusini tunaolisha nchi kwa mahindi tunapaswa kuijua habari hii. Huko Meksiko yanakotoka, wenyeji waliyachemsha kwa chokaa au majivu kabla ya kuyasaga. Kufanya hivyo kunaifungua vitamini moja, niasini, ambayo vinginevyo imefungwa ndani ya punje na mwili hauipati. Mahindi yalifika Ulaya bila chokaa yake. Maskini wa kaskazini mwa Italia wakaishi kwa uji mzito wa mahindi karibu peke yake, na ugonjwa wa pelagra ukawaingia: ngozi inababuka, tumbo linaharisha, akili inachanganyikiwa, kisha kifo. Katika karne ya 19 daktari Cesare Lombroso alishikilia kwamba kuna sumu katika mahindi yaliyoharibika. Mtaniambia alikosea, na ni kweli. Lakini watu walikuwa wanakufa kweli, na kilichokuwa mezani kwao kilikuwa mahindi. Ungekuwa wewe, ungekishuku nini?

Sisi hatutumii chokaa, ila ugali wetu hauliwi mkavu. Maharage, karanga na samaki vinaziba pengo. Pengo likibaki wazi, ugonjwa unarudi hata leo. Mwaka 1990, hapo Malawi, ng'ambo tu ya Kyela, zaidi ya wakimbizi 17,000 wa Msumbiji walipata pelagra baada ya karanga kukosekana katika mgao wao wa chakula.

Muhogo mchungu nao una sumu ya sianidi, na kila anayekula makopa anajua kwamba kuloweka na kukausha si urembo. Mwaka 1981 mkoani Nampula, Msumbiji, ukame uliwabana watu, wakaufupisha utayarishaji ili wale mapema. Zaidi ya watu 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu na haikupona.

Kuna hofu nyingine inayotokana na anayekuletea chakula, hata kama chakula chenyewe hakina neno. Wakulima wa Urusi walifanya ghasia miaka ya 1840 serikali ya mfalme ilipowalazimisha kupanda viazi. Mwaka 2002, nje tu ya Tunduma, Zambia ilikuwa na njaa na Rais Levy Mwanawasa akayakataa mahindi ya Marekani yaliyobadilishwa vinasaba, akayaita sumu. Sitaki kuamua ugomvi ule hapa. Nasema tu kwamba mtu asiyeulizwa na asiyeelezwa atakishuku kilicho kwenye sahani, na huwezi kumwita mjinga kwa hilo.

Hofu moja tu siitetei, ile ya kumnyima mjamzito mayai eti mtoto atazaliwa hana nywele. Haina mgonjwa nyuma yake wala mmea wa kushukiwa, na inamnyima mama chakula anachokihitaji kuliko mtu yeyote nyumbani.

Ulaya ilikizoea kiazi kwa kukiona kikiliwa. Antoine Parmentier, mfamasia wa jeshi la Ufaransa, alitekwa na Waprusi, Wajerumani wa kaskazini, katika vita vya 1756 hadi 1763, akalishwa viazi gerezani na akatoka mzima. Aliporudi kwao alikipigania kiazi, na mwaka 1772 madaktari wa Paris wakatamka kwamba kinafaa kuliwa.

Lakini msidhani tangu hapo mambo yamekwisha. Mwaka 1969 wanafunzi 78 wa shule moja ya London waliugua baada ya chakula cha mchana, na 17 wakalazwa. Viazi walivyokula vilitoka katika gunia lililobaki tangu muhula uliotangulia. Wote walipona. Kiazi kikipigwa na mwanga kinageuka kijani; ukijani wenyewe hauna madhara, ila ni dalili kwamba solanini nayo imepanda. Kuchemsha hakuiondoi. Kumenya kwa kina kunaipunguza sana, kwa kuwa imejaa kwenye ganda na kwenye macho ya kiazi.

Nayaandika haya kwa sababu kando ya barabara yetu ya kwenda Tukuyu, ndoo na magunia ya viazi vinakaa juani siku nzima, na vilivyogeuka kijani huishia kwa wakaanga chipsi kwa bei ya chini. Wanaovila ni wanafunzi na madereva wa bodaboda. Wauzaji wenzangu, tufunike kwa turubai, na vilivyokwisha kuwa kijani tuvitenge, tusivichanganye na vizima. Na wewe mnunuzi, ukikila kikakuwasha koo au kikawa kichungu, kiteme.