Mtaro wa shamba la mteremko kwa eskaveta ndogo: usiushushe moja kwa moja

SWALI: Habari fundi. Nina shamba ekari 6 huku Chamwino, liko kwenye mteremko, mvua ikipiga maji ya juu yanapita katikati ya mtama. Mtaro wa zamani umejaa mchanga. Nimepata eskaveta ya tani 3 ya kukodi, nichimbe kina gani? Na si bora niushushe moja kwa moja hadi korongoni maji yaondoke haraka?

JIBU: Salama kaka. Hapo kwenye "haraka" ndo penye shida. Mvua zetu Dodoma ni milimita 500 na kitu kwa mwaka, karibu zote Desemba mpaka Aprili, na zinakuja kwa fujo, sasa ule udongo mwekundu wa kichanga maji yakipata spidi yanauchimba yenyewe. Mimi yalinikuta zamani, mteja alitaka mtaro ulionyooka kushuka kilimani nikamchimbia bila kubisha, msimu mmoja tu likawa korongo mbuzi akiingia humuoni.

Ukate mtaro kwa kukingama mteremko, juu ya mtama, ushuke kidogo sana kuelekea korongoni, sentimita 25 mpaka 50 kwa kila mita 100, zaidi ya hapo unatafuta matatizo. Usikadirie kwa macho, macho yanadanganya. Chukua ule mpira mweupe wa maji mafundi ujenzi wanaopigia levo, piga vigingi kila mita 10, funga kamba, ndo mashine iingie. Kina nusu mita kinatosha, upana wa kitako nusu mita mpaka mita moja, na kingo zilale, usizisimamishe kama ukuta maana zitaanguka mvua ya kwanza tu. Udongo mwaga upande wa chini, ile fanya chini ya wazee, uache kama mita moja toka ukingoni. Ukimwaga juu umeyazibia maji njia ya kuingia mtaroni.

Anzeni kuchimba kwenye mwisho wa mtaro, kule maji yanakoingia korongoni, mrudi juu, hata mvua ikiwakuta katikati ya kazi maji yana pa kwenda.

Mtaro wa zamani kama uko kwenye levo nzuri, zoa tu. Tumia baketi pana lisilo na meno, mwambie opereta mchanga mpya unatiririka kwenye baketi kama sukari, akianza kuona mabonge mekundu magumu asimame, hapo kafika sakafu ya asili. Maopereta wengi wanapenda kuongeza "kidogo tu" na hapo ndo wanaharibu levo yote. Majani ya kingoni yaacheni.

Fanya kazi hii Oktoba au Novemba mwanzoni. Kama chini una kipande cha mbuga, ule udongo mweusi, ukilowa tani 3 inazama na kuitoa ni kazi ya siku nzima. Ulizia pia bomba la maji la kijiji limepita wapi, na mita 60 toka mtoni usiguse, sheria ya mazingira ya 2004 hairuhusu.

Pale mtaro unapoingia korongoni pataliwa, panga mawe, na kama panashuka sana weka vizuizi vya mawe, kichwa cha kizuizi cha chini kiwe levo moja na mguu wa kile cha juu. Ukishapima niambie umepata sentimita ngapi toka mtaroni mpaka chini ya korongo, tujue vinatakiwa vingapi.