Yerusalemu: nilichokifuata na nilichorudi nacho

Ndugu yetu ameuliza kama kuhiji Yerusalemu kunaongeza imani, kwa kuwa amedunduliza fedha kwa miaka kadhaa na anaogopa kurudi mtupu. Nilikwenda na kundi la mahujaji, na ninajibu kwa yale yaliyonikuta mimi.

Ndani ya Kaburi Takatifu, yaani kaburi ambamo mapokeo yanasema Yesu alizikwa, na ambalo leo limo ndani ya kanisa, sikuhisi chochote. Tulipanga foleni kwa muda mrefu, nikisali na kujiandaa kwa machozi ambayo niliamini yangekuja yenyewe. Nikainama kuupita ule mlango mfupi, nikapiga magoti mbele ya bamba la marumaru katika chumba ambacho watu wachache tu wanakijaza, na kabla sijamaliza Baba Yetu mtawa aliyekuwa mlangoni akatuhimiza tutoke. Nilitoka na hasira, na nakiri kwamba hasira hiyo haikuwa ya mtawa peke yake. Nyingine ilimwelekea Mungu.

Nikaketi karibu na Jiwe la Upako, ambalo mtu hulikuta mara tu aingiapo kanisani, na ambapo mapokeo yanasema mwili wa Bwana uliandaliwa kwa maziko. Kiongozi wetu alikuwa ametueleza kwamba bamba linaloonekana leo liliwekwa mwaka 1810, baada ya moto wa mwaka 1808, hivyo nililitazama kwa jicho la mjuaji. Bibi mmoja mwenye mtandio mweusi alipiga magoti, akamimina mafuta kutoka kwenye kichupa, akayasambaza kwa kiganja, polepole, hadi kwenye kingo za jiwe, kisha akayafuta kwa kitambaa cheupe, akakikunja mara nne na kukitia kifuani. Mwaka 1810 haukumhusu hata kidogo. Alikuwa akimhudumia mtu wake aliyefariki. Mimi nilikuwa nimesafiri mbali kiasi kile ili nipewe, na halikuwahi kunijia wazo kwamba mtu anaweza kwenda pale akiwa na kitu cha kutoa.

Ndugu, usitarajie pia kuukuta umoja wa Wakristo. Kanisa hilo linatumiwa na madhehebu sita, kwa mgawanyo wa nafasi na saa uliothibitishwa kwa amri ya sultani wa Kiosmani mwaka 1852, na juu ya mlango kuna ngazi ya mbao ambayo imebaki chini ya dirisha tangu karne ya 18, kwa kuwa hakuna upande unaoweza kuiondoa bila ridhaa ya wengine. Ufunguo wa mlango unatunzwa na familia ya Kiislamu, na familia nyingine ya Kiislamu ndiyo hufungua. Wenzangu walicheka waliposikia hayo. Mimi niliona aibu, ingawa baadaye nilimshukuru Mungu kwamba kuna majirani wanaotufungulia.

Kwa hiyo, je, imani yangu iliongezeka? Sina kipimo chake. Ushauri wangu ni kwamba uombe kundi lako likuachie walau asubuhi moja ya peke yako, kwa sababu ratiba yetu ilikuwa na vituo vingi mno kwa siku moja. Alfajiri ya mwisho nilirudi kabla foleni haijaanza, na ningeweza kuingia kaburini bila kusukumwa na mtu. Nilikwenda kwenye jiwe. Sikuwa na mafuta, basi nikatoa leso yangu nikafuta yale yaliyoachwa na waliotangulia, kuanzia ukingo mmoja hadi mwingine.