Bango la steshenari yangu wananicheka, nifute?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina steshenari huku Nkuhungu, Dodoma, natoa kopi, naprinti, nauza madaftari na kalamu. Mwaka jana nilimlipa fundi wa mabango akaniandikia STATIONARY kwa herufi kubwa nyekundu, mi nikaona sawa tu maana maduka kibao mjini yameandika hivyohivyo. Juzi kaja kaka mmoja kuprinti barua ya kazi, akasema mbele za wateja eti duka langu limesimama kama gari bovu na hata jina la biashara yangu sijui kuliandika. Watu wakacheka. Nimeumia mpaka leo. Tofauti ni nini, na nifute bango zima?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Huyo kaka kwenye herufi yuko sahihi, kwenye adabu kakosea, angekuvuta pembeni akakwambia mngemaliza palepale.

Stationary yenye a ni kitu kisichotembea, kimetulia mahali. Stationery yenye e ndo mambo yako wewe, karatasi, kalamu, bahasha, na ili usisahau shika e ya envelope, basi. Kutamka yanatamkwa sawa kwa hiyo sikio halikusaidii hapo. Halafu ujue maneno yote mawili yamezaliwa tumbo moja, zamani huko Ulaya wauza bidhaa wengi walikuwa wanatembeza kama wamachinga wetu, sasa yule muuza vitabu mwenye banda lake la kudumu, mara nyingi jirani na chuo, akaitwa kwa Kilatini stationarius, yaani aliyetulia mahali pake. Kwa hiyo aliyekwambia duka lako limesimama hajui kwamba hata hilo jina limetokana na kusimama!

Sisi tunakosea kwa sababu Kiswahili unaandika unachosikia. Kiingereza hakiendi hivyo. Mwingereza William Caxton alianza kuchapa vitabu Westminster, kule Uingereza, mwaka 1476, na kadiri uchapaji ulivyoenea namna ya kuandika ikaanza kuganda huku midomo ya watu inaendelea kubadilika, ndo maana mpaka leo knife inaandikwa na k ambayo hakuna anayeitamka. Hayo siyo makosa yako.

Bango usifute lote. Mwambie fundi ageuze a moja tu, ile ya karibu na mwisho, iwe e. Ila ningekuwa mimi ningeandika STESHENARI kwa Kiswahili, kila mtu Nkuhungu anaelewa na hakuna wa kukusahihisha.

Na kwa vile unaprinti barua za watu naomba unisaidie kitu kimoja ambacho kinanikera kuliko mabango yote, lose na loose. Mtu anaomba kazi anaandika "I don't want to loose this chance", yaani badala ya kusema hataki kuikosa nafasi anasema hataki kuilegeza, na anayesoma barua anaweza kuiweka pembeni kwa hiyo o moja tu. Lose ni kupoteza, inaishia na sauti ya z. Loose ni kulegea, suruali inayopwaya, inaishia na s. Mtego uko kwenye choose, ina o mbili na inasikika kwa z, ndo maana hata Waingereza wenyewe wanaanguka hapo. Ukiona hiyo kwenye karatasi ya mteja mwambie taratibu kabla hujabonyeza printi.

SWALI: Mwalimu, vijana ofisini kwetu hapa Makole wanasema "borrow me your pen", inanikera mpaka naacha kuwaitikia. Kwa nini hawajifunzi? Mtumishi, Makole.

JIBU: Ndugu yangu nakuelewa, na mimi masikio yananiuma. Lakini angalia Kiswahili chetu, "niazime kalamu" na "nimeazima kalamu kwake" ni kuazima hukohuko, anayetoa na anayepokea wote wanaazima. Kwenye hela ndo tunatenganisha, huyu kakopa, yule kakopesha. Kijana anatafsiri kutoka kichwani kwake, basi. Anayetoa ni lend, anayechukua ni borrow, kwa hiyo aseme "lend me". Mwambie mkiwa wawili, siyo mbele ya ofisi nzima, na kalamu mpe.