Ukingo wa mfarishi unapeperuka, kona hazikai

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nimemshonea mama yangu mfarishi wa viraka, inchi 60 kwa 80. Viraka vimekutana vizuri, na tabaka zote tatu (viraka juu, pamba katikati, bitana chini) nimezishikiza bila kunyanzi. Kinachonishinda ni utepe wa ukingoni. Nimeshaufumua mara mbili. Kingo zinapeperuka, kona zimekuwa za mviringo kama sahani, na pale ncha mbili za utepe zinapokutana pana donge. Jirani ananishauri nikate utepe kwa mshazari. Je, nimsikilize? Na nyuma nimalizie kwa mkono au kwa cherehani?
Msomaji

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kufumua. Kabla hujaugusa utepe tena, tandaza mfarishi sakafuni uupime upana juu, katikati na chini, kisha urefu vilevile. Ukingo unaopeperuka kwa kawaida umezidi kipimo cha katikati, kwa sababu viraka vya pembeni huvutika kila vinaposhikwa. Ukiona kinyume chake, yaani ukingo unajikunja kuelekea ndani, hapo ulivuta utepe wakati wa kushona. Kwa huo wako unaopeperuka, piga mshono mrefu wa kulegea karibu kabisa na ukingo, vuta uzi taratibu mpaka kipimo kilingane na cha katikati, ndipo unyooshe kingo kwa rula na mkasi.

Jirani yako ana nia njema, ila mshazari ni wa kingo zilizopinda. Kitambaa kilichokatwa kwa mshazari kinavutika, na mfarishi wako tayari umevutika. Kata vipande vilivyonyooka, upana inchi 2½. Mzunguko wako ni inchi 280. Ongeza 12 za kona na za kuungia. Kitambaa kikikupa inchi 42 kwa upana, kata vipande 8; saba havitafika, kwa sababu kila ungio la mshazari hula utepe kidogo. Mshazari utumie kwenye kuunganisha vipande hivyo tu, ili unene wa maungio usikae mahali pamoja. Kunja utepe katikati kwa urefu wake, uso ukiwa nje, piga pasi.

Anza katikati ya ubavu, kamwe usianzie konani, ukiacha mkia wa inchi 10 bila kushona. Kingo mbichi za utepe, yaani zile zilizokatwa, si ule upande wa mkunjo, zilale sawa na kingo za mfarishi, upande wa mbele. Shona robo inchi kutoka ukingoni. Utepe uuache ulale wenyewe; mkono wako uuongoze tu.

Sasa kona, na hapa nakuomba usome polepole. Ukibakiza robo inchi kufika mwisho, simama. Rudisha mishono miwili nyuma, kata uzi, toa mfarishi chini ya mguu wa cherehani. Ugeuze ili ubavu unaofuata uwe mbele yako. Kunja utepe uelekee juu, ujitenge na ubavu huo, mpaka ujenge mstari wa mshazari konani. Ubane mshazari huo kwa kidole, kisha uteremshe utepe chini, mkunjo wa juu ukae sawasawa na ukingo ulioumaliza. Utaona pembetatu ndogo ya kitambaa imesimama hapo. Hiyo ndiyo kona yako, usiibonyeze ndani. Anza kushona tena kutoka ukingoni kabisa. Kona za mviringo nyingi ninazoletewa zilishonwa mpaka mwisho bila kuacha ile robo inchi, basi kitambaa kikakosa pa kukunjikia.

Donge nalo lina dawa. Ukibakiza inchi 10 hivi, pitisha mikia miwili mmoja juu ya mwingine na ukate ili ipishane kwa inchi 2½ kamili, sawa na upana wa utepe kabla haujakunjwa. Ifungue, iweke uso kwa uso ikikatana kama msalaba, shona kutoka pembe hadi pembe. Kata ziada baada tu ya kuulaza utepe na kuhakikisha haujajisokota.

Nyuma malizia kwa mkono. Cherehani ni ya haraka, lakini mshono wake hutoka nje ya mstari upande mmoja au mwingine, na zawadi ya mama inastahili jioni mbili tatu zaidi. Chukua uzi wa rangi ya utepe, uache ule wa rangi ya bitana. Utepe uufunike mshono wa cherehani kidogo tu. Ingiza sindano kwenye bitana, ipite ndani, itokee kwenye mkunjo. Mishono isizidi nusu sentimita. Vaa subana, ile kofia ya kukinga kidole na sindano.

Halafu papasa ukingo mzima kwa vidole viwili. Mfarishi wa kwanza niliomshonea mjukuu wangu niliupunguza pamba kupita kiasi ubavu mmoja, utepe ukabaki mtupu ndani, na ubavu huohuo ndio ulioanza kuchanika. Unaponyoosha kingo, pamba ifike mwisho, sawa na bitana.

Konani, mkunjo wa nyuma uulaze upande ulio kinyume na ule wa mbele, unene ugawanyike. Kisha tia mishono mitatu au minne kando ya ule mshazari, mbele na nyuma, ili kona isifunguke ikifuliwa.