Bendera ya Haiti: buluu au nyeusi?

Kwa aliyeuliza kwa nini picha za miaka ya 1970 zinaonyesha bendera ya Haiti ikiwa nyeusi na nyekundu, jibu ni kwamba nyeusi na buluu zimepokezana nafasi tangu mwanzo wa taifa hilo. Inasimuliwa kwamba tarehe 18 Mei 1803, mjini Arcahaie, Jean-Jacques Dessalines, kiongozi wa vita vya uhuru dhidi ya Wafaransa, aliichana bendera ya Ufaransa akaondoa kipande cheupe cha katikati, kisha Catherine Flon akashona buluu na nyekundu zikagusana, kuonyesha kwamba weusi na machotara wameungana na mkoloni hana tena nafasi baina yao. Katiba ya 1805 ikaweka nyeusi na nyekundu. Dessalines alipouawa mwaka 1806 nchi iligawanyika: jenerali Christophe aliyetawala kaskazini alibaki na nyeusi, ilhali jenerali Pétion aliyetawala kusini alirudisha buluu na kuilaza milia, buluu juu na nyekundu chini.

Mwaka 1964 Rais François Duvalier aliirudisha nyeusi, na kwa maoni yangu huko kulikuwa kuitumia heshima ya Dessalines kuupamba udikteta. Mwanawe aliyemrithi madarakani alipokimbia nchi Februari 1986, buluu ilirejea mwezi huohuo.

Itazame pia nembo iliyo katikati ya bendera ya serikali: chini yake pana maneno ya Kifaransa yasemayo kuwa umoja ni nguvu, na juu yake umesimama mti wa jamii ya mitende uliovikwa kofia ya uhuru kileleni, ukizungukwa na bendera, bunduki na mizinga.