Kijana wako ana mwili wa hoki ya barafuni? Mwangalie miguu

Mwanangu alipofikisha miaka 14 alishanipita kwa kichwa kizima, na wazazi wote pale uwanjani Winnipeg walikuwa na neno moja: "Huyu ana mwili, atafika." Nikaamini. Leo ana miaka 22, ni mshambuliaji wa pembeni kwenye ligi ya AHL, daraja moja chini ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini. Wazazi wenzangu waliotoka kwetu wakiniuliza, nawaambia wazi: mwili ulimfungulia mlango tu. Kilichombakisha ndani ni miguu.

Huku Kanada, tangu 2013, watoto wa rika la chini ya miaka 13 hawaruhusiwi kupigana vikumbo. Miaka hiyo msiipoteze. Ndiyo ya kumfundisha mtoto kuteleza kwenye barafu: kugeuka pande zote mbili, kusimama ghafla, kuondoka tena kwa kasi. Mimi niliipoteza. Nilimlipia kambi za kupiga mashuti kwa sababu mabao yalinipendeza. Alipofika miaka 17, kwenye ligi ya vijana, kila mara alikuwa anamfikia beki akiwa amechelewa kidogo, na kikumbo kilichochelewa ni faulo. Anatolewa dakika mbili, wenzake wanacheza pungufu, akirudi anasugua benchi.

Kocha mmoja alinikalisha nitazame video. Akaisimamisha pale beki alipoinama kwenye kona kuchukua paki, kile kisahani cha mpira cha gramu 170.

"Mama, unaona nini?"

"Naona namba ya mgongoni."

"Basi hapo mwanao anatakiwa kujizuia."

Ukiiona namba ya mwenzio, humpigi. Utambamiza uso ukutani, na shingo inaweza kuvunjika. Kikumbo halali kinakwenda bega kwa kifua, fimbo iko chini, na anayepigwa ndiye mwenye paki au ameiachia sasa hivi tu. Ili ufike kwa wakati lazima umkate njia mapema, na hiyo ni kazi ya miguu. Tulimtafutia mwalimu wa kuteleza. Majira mawili ya joto, asubuhi tano kwa wiki, mara nyingi bila paki kabisa. Alilia njaa na uchovu, nami nikaona uchungu, lakini hatukuacha.

Kuna jambo linaloniuma. Kijana mkubwa, na hasa akiwa mweusi, watu huwa wepesi kumwona mpiga ngumi. Wangu aliambiwa apigane ili aonekane. Ngumi NHL ni adhabu ya dakika tano, lakini kichwa kilichotikisika hakina dakika. Mzazi, nenda kamwone kocha kwa heshima, umwombe ampe mtoto kazi ya kuonekana kwayo: kusimama mbele ya kipa kumziba macho, kumwahi beki kwenye kona, kucheza wakati timu iko pungufu. Hizo ndizo kazi zinazompandisha daraja mchezaji wa kundi la nne, lile linaloingia uwanjani kwa muda mfupi zaidi.

Mfano wetu hapa nyumbani ni Keegan Kolesar, kijana wa Manitoba, jimbo letu. Timu ya NHL ya Columbus walimchagua raundi ya tatu mwaka 2015, pale timu zinapogawana vijana, kisha timu ya Vegas wakamchukua 2017, kisha akakaa misimu mitatu Chicago Wolves kwenye AHL. Misimu mitatu! Mwaka 2023 alinyanyua Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, akiwa na Vegas, na bado anacheza kwa mwili vilevile. Mwanao akiwa msimu wa pili huko chini, usimpigie simu kumuuliza "watakuita lini?" Mimi niliuliza, akakaa wiki nzima hapokei simu yangu.

Muulize amekula nini. AHL ni mechi 72, na kuna wikiendi wanacheza Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na usiku wanakuwa ndani ya basi. Anayetegemea nguvu hawezi kuziacha kilo zake barabarani. Kwa hiyo nilimfundisha kupika kabla hajahama: wali, maharage ya nazi, kuku, mayai, vitu vya kupakia kwenye vyombo na kwenda navyo.

Jumapili iliyopita alinipigia simu saa tano usiku. Dakika tisa uwanjani, vikumbo vitano, hakutolewa hata mara moja. Sauti yake ilikuwa nyepesi, muda mrefu sijaisikia hivyo. Halafu akauliza, "Mama, tui zito naweka kabla maharage hayajaiva au baadaye?"

Nikamwambia mwishoni, moto ukiwa mdogo, na asiache kukoroga.