Friji ndani ya gari, na maswali mengine ya bandarini

*Anayejibu ni wakala mstaafu wa forodha, Kurasini, Dar es Salaam*

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro. Nimepata Toyota IST ya mwaka 2005 kwa muuzaji wa Japani. Amenitajia bei mbili, FOB na CIF, na anauliza nisafirishiwe kwa RoRo au kwa kontena. Kaka yangu anashauri nichukue RoRo, ila nimwombe muuzaji anipakilie matairi manne na friji ndogo ndani ya gari ili nauli iwe moja. Nifanyeje?
— Mwalimu, Morogoro

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Nianze na friji, maana nimecheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kuna nini.

Kwenye RoRo gari linaingia melini kwa magurudumu yake. Dereva wa bandari analiwasha, analipandisha kwenye njia ya nyuma ya meli, analipanga sitahani, kisha linafungwa mikanda sakafuni. Ndani ya meli ile ni kama gereji ya ghorofa nyingi, na kubwa zake zinabeba zaidi ya magari 6,000. Ufunguo hauchomolewi kufichwa mahali, unabaki na gari. Mpaka lishuke gati namba sifuri pale Dar, litakuwa limekaliwa na watu ambao mimi na wewe hatutawajua maisha. Ndiyo sababu kampuni za RoRo kwa kawaida hazitaki mzigo wa mtu ndani ya gari, zaidi ya tairi la akiba, jeki na spana zake.

Mwaka 2004 mteja wangu mmoja alipuuza hilo. Alinunua Noah, akamwomba muuzaji atie ndani rimu nne, blenda na mfuko wa viatu vya watoto. Noah ilifika salama. Rimu hazikufika, blenda haikufika, na redio ya gari nayo ilikwenda na viatu. Akaja juu, anataka tumshtaki mtu. Nikamuuliza tumshtaki nani, wakati hati ya shehena, ile BL, imeandika gari moja lililotumika, basi? Kitu ambacho hakimo kwenye hati, kwa kampuni ya meli hakijawahi kupakiwa.

Kontena la futi 20 lina urefu wa ndani wa kama mita 5.9. IST ina mita 3.86, kwa hiyo friji ingepata hata nafasi ya kulala chali. Lakini kontena unalilipa zima. Kwa IST moja ya kutembelea, haina maana. Wanaofaidi ni watu watatu au wanne wanaochanga kontena la futi 40. Wewe chukua RoRo, na friji kanunue Kariakoo.

Nauli ya RoRo inahesabiwa kwa mita za ujazo: urefu mara upana mara kimo. IST inakuja kama mita 10 za ujazo, Noah inafika 14 hivi. Mtu akikutajia nauli ya IST inayokaribia ya Noah, mwambie akuonyeshe hesabu.

Sasa bei zako mbili. FOB ni bei ya gari mpaka lipakiwe melini kule Japani. CIF imeongeza bima na nauli mpaka Dar es Salaam. Hakuna kati ya hizo iliyogusa kodi, na hapo ndipo watu wanapolilia. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Ukishaujumlisha, unakuja ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, unakuja ule tunaouita wa uchakavu kwa sababu gari lako limepita miaka 10, halafu VAT ya asilimia 18 inapanda juu ya mkusanyiko wote. Kwa gari la umri huo kodi inakaribia kulingana na CIF yenyewe. Tena CIF hiyo si lazima iwe ile ya risiti yako, TRA, mamlaka ya mapato, wana thamani zao. Ingia kwenye kikokotoo cha tovuti yao leo, kabla hujatuma hata senti. Pengine una akiba ya gari. Mimi nakuuliza una akiba ya magari mawili?

Ukiridhika, kazi yako kubwa ni karatasi. Nimetoa magari bandarini miaka 26 na niliyoyaona yameumizwa na bahari nayahesabu kwa vidole. Yaliyoumizwa na karatasi sina idadi. Kuna IST kama yako, namba yake ya chesisi inaanza na NCP60, karani wa huko akageuza tarakimu mbili za mwisho kwenye BL. Tarakimu mbili tu! Kwenye mfumo, gari lililosimama mbele ya macho yetu likawa si lile lililosafiri. Kurekebisha ilibidi wakala wa meli hapa apate kibali cha Japani, na Japani wametutangulia kwa saa sita: sisi tukifungua ofisi saa mbili asubuhi kwao ni saa nane mchana, tukimaliza chai na chapati wao wanafunga. Gari lilikaa bandari kavu siku 19 baada ya siku za bure kwisha, na kila siku ilikuwa na bei yake. Mwenye gari alikuwa mama mfanyabiashara wa vitenge. Hakunipigia kelele, alikaa tu kwenye benchi la ofisi yangu kila asubuhi. Afadhali angenipigia kelele.

Kwa hiyo dai rasimu ya BL kabla meli haijang'oa nanga. Soma chesisi tarakimu kwa tarakimu, kwa sauti, mwenzako akishika cheti cha kusafirishia gari cha Japani. Jina lako liwe kama lilivyo kwenye TIN, namba yako ya mlipa kodi, si lile la utani wala la ubatizo usilolitumia. Meli itachukua kama mwezi au zaidi njiani. Huo mwezi si wa kusubiri. Mpe wakala wako nakala zote aanze kuandaa TANSAD, yaani tamko la forodha, ili meli ikifunga kamba kodi iwe imeshajulikana.

SWALI: Mimi ni muuguzi Leicester, Uingereza, mwaka wa tisa sasa. Narudi Tanga moja kwa moja. Nimesikia anayerudi nyumbani halipii gari ushuru. Langu nimelinunua miezi minane iliyopita.
— Dada wa Tanga

JIBU: Dada, usilipakie bado. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, jedwali la tano, inamsamehe anayehamia gari moja, lakini awe amelimiliki na kulitumia mwenyewe huko nje miezi 12 kamili, na siku za baharini hazihesabiwi. Umebakiza minne. Gari liingie ndani ya siku 90 tangu wewe ufike, usije ukatangulia ukalisahau.

Na jambo ambalo wengi wa Uingereza hawalijui: ile V5C, hati ya usajili wa gari ya huko, yenyewe imeandikwa kwamba si uthibitisho wa umiliki. Inaonyesha nani amesajiliwa kulitunza. Kwa hiyo tunza risiti ya kununulia, bima ya jina lako na stakabadhi za gereji. DVLA, wanaosajili magari huko, nao waarifu kwamba gari linahama kabisa.

Wewe kontena linakufaa, kwa sababu utakuwa na vyombo vya nyumba. Andika orodha ya kila boksi. Ukishasamehewa, usiliuze gari kwa shemeji baada ya miezi miwili; ushuru unafufuka.

SWALI: Meli ya magari ikiungua, mimi niliyelipa napata nini?
— Msomaji, Mbagala

JIBU: Bila bima, hewa. Februari 2022 Felicity Ace ilishika moto Atlantiki karibu na visiwa vya Azores ikiwa na magari yapatayo 4,000, na tarehe 1 Machi ikazama ikivutwa.

Kinachowashangaza watu zaidi ni pale meli isipozama. Nahodha akilazimika kutoa kafara sehemu ya mzigo au kulipa waokoaji ili kuiponya safari, gharama hiyo wanagawana wenye mali wote, hata ambaye gari lake halikupata mkwaruzo. Bila dhamana ya mchango huo hulichukui gari. Mwenye bima, kampuni yake inasimama badala yake. Asiye nayo anatoa mfukoni. Kwa hiyo kama muuzaji amekuandikia C&F badala ya CIF, jua herufi iliyopungua hapo ni ya bima, ukakate mwenyewe kabla meli haijaondoka.